Umefungiwa ndani wiki kibao: ushike kroshia, shanga, gunia la mboga au mchezo wa omweso?

Kuna kukaa ndani kwa namna mbili na watu wengi wanazichanganya, ndo maana ule ushauri wa "jitafutie kitu cha kufanya" unaingia sikio hili unatokea lile. Ya kwanza uko peke yako chumbani, sahani inawekwa mlangoni, mtu anagonga anaondoka, siku nzima sauti unayosikia ni ya redio na ya kwako mwenyewe. Ya pili mko saba kwenye muzigo mmoja, yaani chumba kimoja cha kupanga, hicho hicho ndo sebule ndo jikoni ndo pa kulala, hamna pa kwenda na kila mtu anamkanyaga mwenzake. Zote tunaita kujitenga lakini zinataka vitu tofauti kabisa. Yule wa peke yake anataka kazi ndefu ya kuzama ndani, isiyoisha upesi, wale saba wanataka kazi inayogawanyika kila mtu apate kipande chake, na ukiwapa hawa dawa ya yule utasikia kelele mpaka barabarani.

Na msiniambie hayo mambo yaliisha na korona. Lockdown ya kwanza hapa Uganda ilianza mwisho wa Machi 2020, ya pili Juni 2021 ikaenda siku 42, shule zilifungwa Machi 2020 na zikaja kufunguka kwa watoto wote Januari 2022, hakuna nchi iliyofunga shule muda mrefu kama sisi. Watu wakapumua kidogo, Septemba 2022 ikaja ebola Mubende, Oktoba wilaya za Mubende na Kassanda zikafungwa mpaka Desemba. Januari 2025 ebola tena, safari hii Kampala kwenyewe. Aliyemgusa mgonjwa anafuatiliwa siku 21, hiyo haibadiliki. Ongeza mgonjwa wa TB wiki zake za mwanzo za dawa, ongeza mama mjamzito aliyeambiwa alale tu asiinuke, ongeza askari aliyepelekwa kituo cha porini ambako hata netiwaki inakuja na upepo. Kwa hiyo swali bado lipo, na mi naishi hapa Malaba, mpakani na Kenya, kusubiri ndo biashara ya mji huu, nimeona watu wakijaribu karibu kila kitu.

Ninapolinganisha siangalii kipi kizuri zaidi, naangalia malighafi yake inaisha haraka au haiishi, kinapiga kelele, kinataka mwanga, na ukikiacha katikati siku mbili kitaharibika au kitakungoja.

Shanga za karatasi au vitambaa vya kroshia

Hapa ndo pana maneno mengi maana hivi viwili ndo watu wanavikimbilia kwanza.

Shanga za karatasi kama hujawahi ziona zikitengenezwa ni hivi: unachukua karatasi ngumu inayong'aa, kalenda ya zamani au jarida, unakata pembetatu ndefu nyembamba, kitako chake kama upana wa kidole, inaenda inapungua mpaka ncha. Unaanzia kwenye kitako, unaviringisha kwenye kijiti cha meno au spoku ya baiskeli, unakaza huku unaangalia ncha ibaki katikati isikimbilie pembeni, unaweka tone la gundi mwishoni, unachomoa kijiti. Kitako kikiwa kipana shanga inakuwa ndefu, karatasi ikiwa ndefu shanga inakuwa nene, ukishaelewa hilo unaweza kupanga umbo unalotaka kabla hujashika mkasi. Gazeti la kawaida halifai, ni laini na wino wake unatoka mikononi. Baada ya uchaguzi ndo neema, maana zile posta za wagombea ni karatasi nzito yenye rangi kali (subiri uchaguzi uishe kabisa lakini, kubandua posta ya mtu kabla ya hapo ni kesi), na ukishamviringisha mheshimiwa humtambui tena, wa chama cha njano na wa chama cha nyekundu wanakaa uzi mmoja bila kurushiana teargasi.

Nguvu ya shanga ni kwamba ni kazi ya kundi. Mmoja ana mkasi, wawili wanaviringisha, mwingine anapaka gundi, mtoto wa miaka mitano anatunga kwenye uzi, bibi anachagua rangi na kugombeza. Ndo maana kule Acholi Quarter, Banda, wakina mama waliokimbia vita vya kaskazini walijulikana mpaka nje ya nchi kwa shanga hizi, walikaa chini kwa mafungu wakapiga stori mikono ikienda. Kwa familia iliyobanana muzigoni sijaona kitu kinachogawanyika vizuri namna hii, kila mtu ana cheo.

Udhaifu upo. Wa kwanza vanishi. Bila vanishi shanga inalowa jasho inafumuka, na vanishi ndani ya chumba kimoja ni sumu ya kichwa, alafu sigiri ikiwa karibu ni hatari ya moto kabisa. Inapakwa nje, inakaushwa nje, sasa kama hamruhusiwi hata kufika kwenye veranda umekwama. Kuna wanaotumia cutex ile isiyo na rangi lakini chupa moja inaisha kabla mkufu haujafika shingoni. Wa pili malighafi inaisha. Mikono kumi inamaliza kalenda tatu kwa siku mbili, na duka limefungwa.

Kroshia ni kinyume chake karibu kwa kila kitu. Sindano moja, donge moja la uzi, basi. Hakuna kelele, hakuna harufu, unaiweka chini ya mto. Na hii nchi soko lake halijawahi kufa, kochi lina vitambaa, meza ina kitambaa, tivi imevalishwa, redio nayo imevalishwa kama bibi harusi. Lakini sababu yangu mi ya kuipa kroshia namba moja kwa mtu aliye peke yake siyo soko, ni kufumua. Shanga ukishaigundisha imekwisha, karatasi haiwi karatasi tena. Kitambaa usichokipenda unavuta uzi, trrrr, kinarudi kuwa uzi, unaanza upya na umbo lingine. Donge moja linaweza kukuweka wiki nzima na bado lipo, na siku unayopewa ruhusa ya kutoka ndo unamalizia cha kubaki nacho.

Shida ya kroshia ni mwanzo. Ule mnyororo wa kwanza mkono bado haujui kukaza kiasi gani, upande mmoja unabana mwingine unalegea, kitambaa kinajikunja kama jani lililokauka, na mtu akiwa peke yake na ana mawazo anaweza kuitupa sindano ukutani. Mwalimu wa kwenye simu anasaidia kama una bando la video, maana kwa maneno matupu, shangazi yako akikwambia "ingiza, kamata, pitisha", utaingiza pasipo. Kwa hiyo kama unajua siku inakuja, mfano umeshapangiwa kulala hospitali, jifunze mnyororo na mshono mmoja tu kabla hujaenda. Mmoja unatosha kabisa, mingine utaigundua humo ndani.

Kwa wale saba wa muzigo kroshia siipendekezi hata kidogo, labda watoto wote wamezidi miaka kumi. Uzi unavutwa, paka anaupenda, na mmoja tu ndo anafurahi wakati sita wanamwangalia.

Jambo moja wanalisahau watu: utatoka nacho au hutatoka nacho? Kwenye wodi ya ebola kinachoingia usitegemee kutoka nacho, vingi huchomwa, kwa hiyo usiingie na uzi wa bei wala mkeka wa urithi wa mama. Kalenda ya zamani ikichomwa hakuna anayelia.

Mkeka na kofia

Mkeka unaujua, ukindu unauzwa sokoni umeshachanwa na kutiwa rangi, zambarau, kijani, chungwa, ile nyeupe ya asili. Unasuka ukili mrefu kama mkanda, alafu ndo unashona ukili kwa ukili mpaka upana unaotaka. Uzuri wake hauhitaji mwanga. Stima ikikatika wote wanalala, bibi anaendelea kusuka huku anaangalia pembeni anapiga umbea, vidole vyenyewe vinajua njia. Na ukili hauna mwisho, unaweza kuuviringisha ukaweka kona ukaurudia mwezi ujao, kitu cha kufanya ni kuulowesha kidogo usikatike.

Ila mkeka haufundishwi kwa mbali. Mtu lazima akae pembeni akushike vidole. Kwa hiyo mkeka unawafaa wale waliofungiwa pamoja na anayejua, na hata hapo kuna mtego: kila mkono una kukaza kwake, mkisuka watu watatu alafu mkashona ukili zenu pamoja mkeka unapinda, pale ulipoishia wa mtoto panajionyesha wazi. Wengine wanaona ni kasoro, mi naona ndo mzuri lakini mteja hanunui.

Kofia za vito, hizi za mkono zenye tundu zilizozungushiwa uzi, sikuwahi kuzifikiria kama kazi ya mtu aliyekwama mpaka 2020, ile Mei malori yamepanga foleni kilomita na kilomita upande wa Kenya yanangoja majibu ya vipimo ili yavuke. Madereva hawashuki, sisi hatuwasogelei. Palikuwa na mzee mmoja wa Mombasa alishona kofia ndani ya kabini. Kitambaa cheupe kimechorwa maua kwa penseli, anatoboa tundu dogo, analizungushia uzi, anaukata kwa meno, tundu lingine. Nilimuuliza kwa mbali, mzee wangu hiyo itaisha lini, akasema kofia hii ni ya miezi, majibu yakija kesho yatanikatiza tu. Wenzake kwenye malori ya nyuma walikuwa wanapiga honi.

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho sasa nakitumia kupima kila kazi: iwe kubwa kuliko kusubiri kwako. Ukiwa na siku 21 na kazi ya siku mbili, siku ya tatu unarudi kuhesabu mbao za dari. Kofia inaizidi kroshia kwenye hilo, na inaingia mfukoni. Lakini inataka macho mazuri, mwanga wa mchana na subira ambayo wengi wetu hatuna, na haifumuki, tundu ulilotoboa vibaya litabaki hapo mpaka kiama. Kama hujawahi kushika sindano anza na kroshia.

Gunia la mboga au uyoga

Hapa lazima uulize kwanza, mlango wako unafunguka kwenda wapi? Kama unafunguka kwenye ukumbi wa hospitali ruka sehemu hii yote. Kama kuna hata hatua mbili za ardhi au zege lenye jua, endelea.

Gunia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gunia la kawaida, udongo uliochanganywa na samadi, na katikati mawe. Hayo mawe ndo siri, unachukua kopo kubwa lililotobolewa juu na chini, unalisimamisha katikati ya gunia, unajaza mawe ndani yake na udongo pembeni, unalivuta juu kidogo kidogo kadiri gunia linavyojaa, mwisho unabaki na nguzo ya mawe katikati na maji yanafika mpaka chini. Bila nguzo hiyo maji yanaishia juu, mboga za chini zinakauka na utasema gunia ni uongo. Ubavuni unatoboa matundu unapanda miche.

Sasa panga na siku zako. Mchicha, yaani dodo, wiki tatu mpaka nne tangu mbegu na unakula, kwa hiyo mtu wa siku 21 anaweza akauona ukifika, labda auchume akiwa huru. Sukuma wiki kuanzia mche inataka wiki sita na kuendelea, nakati, mboga ya majani ya Waganda, pia siyo ya haraka, hizo ni mboga za lockdown ya siku 42 na zaidi. Mtu aliyepanda sukuma kwenye karantini ya wiki tatu amempandia jirani. Siyo mbaya, ila ajue.

Kwa ubunifu gunia halina mengi, nakubali, siku kumi za kwanza unaangalia udongo. Lakini linawapa watu waliobanana sababu ya kutoka nje kwa zamu, na hilo peke yake lina thamani. Kila mtu ana tundu zake, tundu za baba zinakauka watu wanamcheka. Gharama yake ya kweli ni maji. Kama mnanunua kwa jerikeni piga hesabu kwanza, mwagilia kwa maji yaliyooshea mchele au mboga, ya sabuni usiweke.

Uyoga watu wanausifia sana, na kweli hautaki jua, unakua haraka, maganda ya mbegu za pamba yanapatikana. Lakini inabidi uyachemshe kwa mvuke masaa kibao, ununue mbegu zake kwa mtu wa kuaminika, chumba kiwe na unyevu muda wote na kisafi. Muzigoni unakolala? Hapana. Vumbi la uyoga ukikomaa linaingia kifuani watu wanakohoa, na mtu akikohoa wakati wa ugonjwa majirani watampigia simu LC, mwenyekiti wa mtaa. Uyoga ni biashara ya mwenye kibanda.

Mtu wa chumba kimoja asiye na jua hata kidogo basi akate kitako cha kitunguu akiweke kwenye kikombe cha maji dirishani. Siku chache majani yanachomoza, unakata unaweka kwenye yai. Ni kitu kidogo sana lakini kinaota.

Omweso, ludo, drafti au chesi

Omweso ni ndugu wa bao, mistari minne ya mashimo manane, mashimo 32, kete 64, kila mtu 32 zake. Mbao mkikosa mnachimba chini, kete ni mbegu au kokoto. Huu ni mchezo wa hesabu tupu, hauna bahati, mtu anapanda kete zinazunguka zinaendelea kuzunguka, na mzee anayejua anaona mwisho wa mzunguko kabla hajaanza. Kwa watu wawili waliofungiwa pamoja miezi, mfano mzee na mjukuu, sijui kama kuna kinachoushinda, maana hauchoshi. Ludo unachosha. Ludo ni dadu, unacheza watu wanne, mtoto anaweza kumfunga profesa, ndo raha yake na ndo ubovu wake. Jioni ya kwanza kicheko, wiki ya pili mtu anamshtaki mwenzake kaficha dadu kwenye kiganja, na msianze kuweka hela, ludo ya hela kwenye nyumba iliyofungwa ni vita maana aliyeliwa hana pa kwenda kupoa.

Kwa kundi basi, ludo ya jioni lisaa limoja, omweso mchana kwa wenye kichwa. Drafti inaingia katikati, ubao ni boksi lililochorwa, kete ni vifuniko vya soda, vya mmoja vinaangalia juu vya mwingine vinaangalia chini, hamna gharama hata shilingi.

Ila aliye peke yake afanyeje? Hapa ndo chesi inashinda zote na watu hawaijui siri yake. Chesi ina anwani. Kila kijumba kwenye ubao kina herufi na namba, kwa hiyo unamtumia rafiki yako esemesi "e2 e4" na yeye kwake anasogeza kete ile ile kwenye ubao wake, anajibu kesho. Esemesi moja kwa siku, mchezo mmoja unaweza kuchukua karantini nzima, hauhitaji bando, hauhitaji simu janja, na katikati ya siku una kitu cha kuwaza. Drafti unaweza kuifanya hivyo hivyo mkikubaliana kuvipa vijumba namba. Omweso nao kinadharia unawezekana, unataja shimo la kuanzia, lakini ule mzunguko ukiwa mrefu mtu akiruka shimo moja tu bao zenu mbili haziko sawa tena, na mtabishana kwa simu mpaka kadi iishe.

Na asikwambie mtu chesi ni ya shule za wakubwa. Phiona Mutesi alijifunzia Katwe, mtoto wa slamu hasa, akaenda kuichezea Uganda kwenye olimpiadi ya chesi. Ubao wa karatasi na vifuniko vya chupa vilivyoandikwa majina kwa kalamu vinafanya kazi ile ile.

Simu: voisi au daftari

Kukaa kwenye TikTok masaa manane sihesabu kama kitu cha kulinganisha, kila mtu anajua kufanya hivyo bila msaada wangu. Alafu kwetu huku mtandao siyo kitu cha kuegemea wiki nzima. 2018 tulikatwa shilingi 200 kwa siku kuingia wasap na fesibuku, 2021 ikabadilishwa ikawa asilimia 12 juu ya data yenyewe, Januari 2021 fesibuku ikafungwa na siku za uchaguzi intaneti yote ikazimwa. Ukiwa umeweka furaha yako yote humo ndani, siku ikizimwa umezimika nayo.

Ninacholinganisha ni kuandika na kurekodi. Daftari halina chaji, halina bando, linaanza saa yoyote. Kurekodi kunawafaa ambao kalamu inawachosha, na kuna kazi moja nzuri sana ya kurekodi: mpigie mzee wako, weka spika, washa rekoda ya simu nyingine, mwambie akusimulie jinsi alivyofika hapo alipo. Siyo hadithi za sungura, hapana, muulize nyumba ya kwanza aliyojenga ilikuwa na milango mingapi na nani alimsaidia kuezeka. Kitu kama hicho kinamtoa mzee upweke na wewe pia, na kila siku kipande kimoja.

Na hapa angalia jinsi mambo yanavyogeuka. Aliye peke yake achague voisi, kwa sababu njaa yake ni ya sauti za watu, daftari litamrudisha kichwani mwake ambako tayari anakaa muda mrefu mno. Wale wa muzigo wachukue daftari, maana ukirekodi pale ndani utarekodi watoto wakilia na sufuria, na daftari ndo chumba pekee utakachokuwa nacho cha peke yako. Ila litasomwa, usijidanganye. Dada mmoja jirani yangu anaandika Kiswahili ndani ya nyumba ya watu wanaosoma Kiganda na Kiingereza tu, na mambo yake yako salama mpaka leo.

Vingine vifupi

Kupika kama kitu cha kujishughulisha kunaisha na mkaa. Zile daddies, vipande vya unga vya kukaanga, zinafurahisha watoto kukata, kila mmoja maumbo yake, lakini mafuta na unga wa ngano siyo vya kila siku. Mara moja kwa wiki inatosha, ikawa kama sikukuu.

Mazoezi, Rais mwenyewe Aprili 2020 alitoa video anapiga push-up ofisini kwake bila viatu baada ya kukataza watu kukimbia nje, kwa hiyo kisingizio cha nafasi ndogo kilikufa siku hiyo. Sio ubunifu lakini bila kutoa jasho hayo mengine yote mkono unakuwa mzito.

Muziki, kama unachagua kati ya adungu, kile kinubi cha nyuzi, na likembe, ile ya vyuma vya kubonyeza kwa vidole gumba, na una majirani ukutani, likembe. Inashikika mikononi, sauti yake haipiti mlango, na unaweza kuicheza umelala. Adungu ni tamu kuliko, hilo sibishi, ila inataka uwanja na watu wa kuitikia.

Kama gari liko nje sasa hivi

Kuna watu hawana muda wa kulinganisha, wamepigiwa simu wanaambiwa jiandae tunakuja kukuchukua. Wewe weka kwenye mfuko kroshia, madonge mawili ya uzi, daftari na kalamu mbili, redio ndogo ya betri na betri za akiba. Chaja usiisahau. Kroshia iwe ya plastiki, ya chuma na mkasi wakati mwingine wanakutoa mlangoni, na uzi utaukata kwa meno kama yule mzee wa kofia. Omba mtu mmoja awe wa chesi au drafti kwa esemesi, mkubaliane kabisa nani anaanza kabla hujapanda gari. Na uzi chukua rangi ya mwanga, nyeupe au njano, mweusi chini ya taa za wodi huoni mshono ulipo na macho yataanza kuuma kabla hata hawajaleta chai ya jioni.